Neno ‘kiini’ limebebeshwa mizigo mitatu, nalo limelemewa

Juma hili nataka tuitazame sentensi moja tu. Nimeidondoa kutoka kwa mswada nilioletewa na mwalimu mmoja wa biolojia ambaye, kwa hiari yake na pasi na malipo, ameanza kuyatafsiri kwa Kiswahili masomo ya sayansi ya shule za upili. Sura niliyoisoma inahusu saa za kwanza za uhai wa mnyama: jinsi yai lililorutubishwa linavyogawanyika kuwa seli mbili, nne, nane na kuendelea, kwa chura, kuku, samaki, inzi, konokono na binadamu. Sentensi yenyewe ni hii: “Katika kiinitete cha inzi, kiini hugawanyika mara 13 ndani ya kiini kabla ya seli kuundwa.”

Hebu isome tena. Kiini kipi kinachogawanyika, na kimo ndani ya kiini kipi?

Mwalimu hakwenda kombo. Maneno yake yote yamo kamusini. Sehemu ya manjano ya yai huitwa kiini, na hilo analijua hata mtoto anayekaangiwa yai asubuhi. Sehemu ya seli inayobeba kromosomu nayo huitwa kiini. Kisha kiumbe kichanga, kabla hakijastahili kuitwa kijusi, ni kiinitete, neno lililopatikana kwa kuunganisha ‘kiini’ na ‘tete’. Maneno hayo matatu yakikaa mbalimbali, kila moja katika sura yake ya kitabu, hayana ugomvi. Yakutanishe ndani ya yai la inzi na ugomvi unaanza hapo hapo.

Najua jibu nitakalopewa: muktadha utatofautisha. Ndilo jibu letu la siku zote, na mara nyingi ni jibu zuri. Paa wa porini hachanganywi na paa la nyumba. Lakini angalia ni nini hasa kinachotusaidia kuwatofautisha. Kwanza, mnyama na nyumba hawakai mahali pamoja. Pili, ngeli zinatusaidia: huyu ni wa A-WA, lile ni la LI-YA, na kiambishi cha upatanisho kinamaliza kesi kabla haijafika mahakamani. ‘Kiini’ hakina bahati hiyo. Viini vyote viwili ni vya KI-VI, vyote vimo ndani ya yai moja, na katika saa hizo za kwanza kimoja ndicho kinachoamua mienendo ya kingine. Muktadha ni uleule, upatanisho ni uleule. Msomaji ashike wapi?

Wapo watakaosema tuongeze kivumishi: ‘kiini cha yai’ kwa ile manjano, ‘kiini cha seli’ kwa kile chenye kromosomu. Nami ningeridhika, kama isingekuwa jambo moja dogo. Yai ni seli.

Hapa sharti tumrejelee kuku, maana ndiye anayetupotosha. Yai analolifahamu mpishi ni mkusanyiko wa vitu: ganda, utando, ute na lile tonge la manjano. Kwa mwanabiolojia, yai hasa, yaani seli iliyotoka kwenye ovari ya kuku, ni lile tonge la manjano peke yake. Ute, utando na ganda huongezwa njiani, yai linapoteremka katika mrija wa mayai, safari ya takriban siku nzima. Kwa hivyo kile tunachokiita kiini cha yai ndicho yai lenyewe! Ni seli moja, kubwa ajabu, iliyojazwa chakula pomoni. Kiini chake, kwa ile maana ya pili, kimo katika kidoa cheupe kilichokaa juu ya manjano, chenye upana wa milimita mbili au tatu hivi. Livunje yai la kienyeji polepole juu ya sahani nawe utakiona kidoa hicho. Ndicho pekee kinachogawanyika. Tonge la manjano halikatwi. Linabaki chini kama ghala, likiliwa kidogo kidogo hadi kifaranga atoke siku ya 21. Tena kazi hiyo haimngoji kuku aatamie. Kufikia wakati yai lililorutubishwa linapotagwa, kidoa kile kimekwisha kuwa na makumi ya maelfu ya seli.

Sasa niambie, utaliandikaje hilo kwa istilahi tulizo nazo? “Kiini cha yai hakigawanyiki, bali kiini cha seli ya yai ndicho kinachogawanyika, kikiwa juu ya kiini cha yai.” Nimeiandika mwenyewe na bado inanibidi niisome mara mbili.

Mtu anaweza kuona kwamba ninapiga kelele kuhusu jambo la mafundi, ambalo msomaji wa kawaida hana haja nalo. Sidhani. Sura ile ya mwalimu ina swali moja kubwa ambalo mwanafunzi yeyote mwenye akili atauliza: kwa nini wanyama hawa, ambao wote huanza kama seli moja, hawagawanyiki kwa namna moja? Sehemu kubwa ya jibu ni ile manjano. Kiasi chake na mahali ilipo ndivyo vinavyoamua mkato upite wapi na uishie wapi. Neno linalobeba jibu ndilo hilohilo lililogubikwa na utata. Mwanafunzi anapewa kufuli na ufunguo wake, vyote vikiitwa kwa jina moja.

Tumchukue chura. Yule chura wa maji wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, anayefugwa katika maabara za dunia nzima, ana yai la milimita moja na ushei. Chakula chake hakikukusanyika katikati. Ni chembechembe zilizotapakaa ndani ya seli nzima, nyingi zaidi upande wa chini. Mkato wa kwanza huja kama saa moja na nusu baada ya kurutubishwa, kisha mikato inafuatana kila baada ya nusu saa hivi. Yai zima hukatwa, ila mkato wa tatu, ule wa ubavuni, haupiti katikati. Unasukumwa juu, mbali na chakula kingi, hivi kwamba zinapatikana seli nne ndogo juu na nne kubwa chini. Baada ya migawanyiko 12 kuna seli zipatazo 4,000. Ukimwambia mwanafunzi kwamba chura ana ‘kiini’ upande wa chini, atatafuta tufe la manjano na hatalipata. Neno lenyewe linamdanganya, kwa sababu kiini katika Kiswahili ni kilicho katikati: kiini cha mbao, kiini cha hadithi, kiini cha tatizo.

Samaki nitampita haraka, kwani ni ndugu ya kuku katika hili: seli zake hukaa juu ya tonge la chakula kama kofia juu ya kichwa.

Inzi wa matunda ndiye aliyeniletea sentensi ile, na hapa mambo ni ya kustaajabisha kweli. Chakula chake kimekaa katikati ya yai. Seli haigawanyiki kabisa mwanzoni. Kinachogawanyika ni kile chenye kromosomu, peke yake, mara moja, mara mbili, mara tatu, haraka haraka, kila mara chini ya dakika kumi, bila ukuta wowote kujengwa. Vinakuwa kumi na sita, sitini na vinne, mamia. Vikishaongezeka vya kutosha husafiri kutoka katikati hadi pembezoni mwa yai na kujipanga huko. Baada ya mgawanyiko wa 13 viko kama 6,000, na ndipo utando wa nje wa yai unapojikunja kwenda ndani, kati ya kimoja na kingine, na kuzikamilisha seli zote kwa mpigo. Isipokuwa chache za upande wa nyuma, ambazo hutangulia kujitenga na baadaye kuwa mbegu za kizazi kijacho. Kwa saa karibu tatu, basi, kiumbe kile ni seli moja yenye maelfu ya viini.

Je, huo ni ‘mgawanyiko wa seli’? Kichwa cha sura ya mwalimu kinasema ni huo. Kwa inzi kichwa hicho si kweli, na ningemshauri aandike ‘mgawanyiko wa awali’ tu, aache kila mnyama aeleze mwenyewe ni nini kinachogawanyika. Ningeweza kupendekeza ‘mpasuko’, ambalo lina sauti nzuri, lakini neno hilo linatisha. Kwetu kilichopasuka kimeharibika, iwe ni mpira, bomba au tumbo.

Kuna neno jingine katika mswada ule ambalo sikulipenda kabisa, nalo ni dogo: ‘hukua’. “Yai hukua kwa kugawanyika kuwa seli nyingi.” Hapana. Katika hatua hizi yai halikui hata kidogo. Seli za mwili wako wewe mtu mzima aghalabu huongezeka ukubwa kwanza, halafu hugawanyika. Seli za siku za mwanzo hazina anasa hiyo. Zinagawana kilichokuwepo. Yeyote aliyeshuhudia shamba la baba likigawiwa wana, kisha wajukuu, analielewa jambo hili kuliko kitabu chochote: vipande vinaongezeka, ekari haziongezeki. Kiswahili chetu kina kasoro hapa, kwa kuwa tunatumia ‘kukua’ kwa maana ya kuongezeka kimo na pia kwa maana ya kupevuka na kubadilika hali. Mtoto anakua, lugha inakua, mji unakua. Katika mazungumzo hakuna hasara.

Hasara ipo kwingine. Siku hizi hapa Nairobi na katika miji mingine zipo kliniki zinazowasaidia watu kupata watoto kwa kulirutubisha yai maabarani. Mume na mke wanaambiwa habari za siku ya tatu na siku ya tano. Siku ya tatu, kiinitete cha binadamu kinachoendelea vizuri huwa na seli nane hivi, nacho kikiwa na ukubwa uleule wa yai la mwanzo, sehemu moja ya kumi ya milimita. Muuguzi anayewaeleza kwa Kiswahili akisema “kinakua vizuri”, wao wakaonyeshwa picha ya siku ya kwanza na ya siku ya tatu zenye ukubwa mmoja, watafikiri nini? Akisema “kinagawanyika vizuri”, wamemwelewa na wamelala usingizi. Si mchezo wa maneno huu.

Nitaje pia ‘nusu’. Mwalimu ameandika kwamba katika hatua ya seli mbili kila seli ni “nusu ya kiumbe”. Neno hilo lina historia ya mabishano. Mwaka 1888 Mjerumani Wilhelm Roux aliichoma kwa sindano ya moto seli moja kati ya mbili za chura, na ile iliyosalia ikampa nusu ya kiinitete. Akahitimisha kwamba kila seli tayari ina fungu lake. Mwaka 1891 Hans Driesch, akiwa Trieste, akachukua mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba anayewachoma miguu watembeao mwambani, akazitikisa seli mbili hadi zikaachana. Kila moja ikampa kiumbe kizima, kidogo lakini kamili. Tofauti ilikuwa kwamba Roux aliiacha maiti ya seli ya pili ikiwa bado imeshikamana na mwenzake. Kwa hivyo ‘nusu’ ni ya ukubwa tu. Mapacha wa kufanana wanaotokana na yai moja si nusu za mtu. ‘Moja kati ya mbili’ ingetosha.

Nisije nikaonekana mtu wa kulaumu tu. Mwalimu huyu ana sikio. Mgawanyiko wa konokono ameuita ‘mgawanyiko wa msokoto’, nami naona hakuna neno bora kuliko hilo. Seli za safu ya juu hazikai moja kwa moja juu ya za chini. Zinajigeuza kidogo na kuketi katika mianya, kama ukili unavyosukwa. Zinaweza kujigeuza kwa upande wa kuume au wa kushoto, na upande huo ndio utakaofuatwa na gamba la konokono maisha yake yote. Konokono wa jamii ya Bulinus, wale wabebao kichocho katika madimbwi ya pwani yetu, wana magamba yaliyosokotwa kushotoni. Mwaka 1923 Alfred Sturtevant alieleza kwamba upande huo hauamuliwi na jeni za konokono mwenyewe bali na za mama yake. ‘Msokoto’ linalibeba hilo lote bila kutoa jasho, na ni neno ambalo fundi wa kamba na bibi asukaye mkeka wanalo tayari. Ndivyo istilahi inavyopaswa kupatikana.

Turudi kwenye kiini. Nani aondoke, nani abaki? Kuna wanaoelekea kuona kwamba chenye kromosomu kitafutiwe jina la kukopa, tuseme ‘nyukliasi’, ili manjano ibaki na jina lake la jikoni. Nina mashaka. ‘Kiini’ kwa kile chenye kromosomu limeshika mizizi na linafaa kimaana, kwa kuwa ndicho kinachohifadhi maagizo ya seli. Isiyofaa kimaana ni ile manjano. Si kiini cha chochote. Ni chakula kilichowekwa. Kwa chura haiko katikati, kwa samaki iko chini ya kiumbe, kwa binadamu karibu haipo. Hata rangi yake si ya kutegemewa.

Napendekeza basi tuiite ‘akiba ya yai’, angalau katika vitabu vya sayansi. Jikoni watu waendelee na kiini chao, hakuna askari atakayewakamata. Akiba ni neno ambalo kila mtu analo, na uzuri wake ni kwamba linazaa. Wanasayansi wa Ulaya walichukua neno la Kigiriki la sehemu ya manjano ya yai, ‘lekithos’, wakalijengea ukoo mzima wa istilahi. Nasi tutasema: yai la akiba haba, yai la akiba nyingi, akiba ya katikati, akiba ya upande mmoja. Akiba ikiwa haba, yai zima hukatwa. Ikiwa nyingi mno, mkato hauwezi kuipita na sehemu ndogo tu hugawanyika. Methali inasema akiba haiozi. Ya yai huoza, tunajua sote, lakini sidhani kama mwanafunzi atashindwa mtihani kwa sababu hiyo.

Ukishakuwa na neno hilo, hata mpangilio wa sura unabadilika. Mwalimu amepanga wanyama kwa makundi yao: samaki, amfibia, ndege, mamalia. Mpangilio huo unamfanya mwanafunzi akariri. Platipasi wa Australia ni mamalia, ananyonyesha, lakini hutaga yai lenye akiba nyingi. Na mgawanyiko wake wa awali unafanana na wa ndege, haufanani na wa binadamu. Katika mpangilio wa makundi platipasi ni kioja. Katika mpangilio wa akiba, amekaa panapomfaa. Sisemi kwamba akiba ndiyo sababu pekee. Konokono na binadamu wote wana mayai yanayokatwa mazima, na bado yule anasokota na huyu hasokoti, tena binadamu ni mzembe mno: mgawanyiko wa kwanza humchukua takriban siku nzima, wakati ambao inzi wa matunda amemaliza na kuanguliwa.

Watauliza baadhi yetu kwa nini utata huu haujasumbua mtu miaka yote hii, ilhali TUKI walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Kazi ile ilikuwa kubwa na bado tunaila. Ila istilahi ni kama jembe, ubovu wa mpini huujui hadi ulime. Hapa Kenya mtoto husomeshwa sayansi kwa Kiingereza, na hata ng’ambo ya mpaka, Tanzania, Kiswahili hukomea shule ya msingi, kabla ya mwanafunzi kufika kwenye yai la inzi. Maneno yamekaa kamusini yakiwa mapya, yanang’aa. Mwalimu mmoja akaamua kuyalimia, mpini ukavunjika katika sura ya kwanza.

Nimemrudishia mswada wake na sentensi ile nimeiandika upya pembeni kwa kalamu ya risasi: “Katika yai la inzi, kiini hugawanyika mara 13 kabla ya seli kukamilika. Viini hivyo huanzia ndani ya akiba ya yai, kisha huhamia pembezoni.” Ameniuliza kwa simu afanyeje na ‘kiinitete’. Hilo nimemwambia aliache kwanza. ‘Tete’ inalilinda vya kutosha lisichanganywe na mengine, na watu wa hospitali wamelizoea.